Chai ya kwenye meli ya majini

2005 nilikuwa darasa la sita, Majengo hapa hapa Dodoma, na bahari nilikuwa naijua kwa picha za kalenda tu. Kaka akanitorosha usiku tukaenda banda la video, kiingilio mia mia, akanilipia na mimi. Mabenchi ya mbao, turubai jeusi mlangoni, joto la kufa mtu, na jamaa mmoja ana maiki anatutafsiria laivu.

Wakaweka Ghost Ship, ile ya 2002. Walioiona wanajua mwanzo wake: watu wanacheza dansi juu ya meli, waya unafyatuka unapita katikati yao, halafu kimyaaa, wote wamesimama tu kama hawajaguswa, jamaa mmoja anajishika tumbo... umeme ukakatika. Aliyepiga kelele ni mimi, sitakataa.

Sasa hela hairudishwi, so yule mtafsiri akaendelea kwa mdomo gizani. Eti hiyo meli ipo kweli, ya majini, waliipanda wakakuta chai mezani inafuka moshi na mtu hata mmoja hamna. Alisimulia karibu saa nzima na hakuna aliyetoka! Kurudi nyumbani upepo wa Dodoma mnaujua, maturubai ya sokoni yanapigapiga, mimi nimemng'ang'ania kaka shati mpaka likachanika. Babu tulimkuta macho, tukamweleza yote, akauliza kitu kimoja tu: "Na sukari nayo waliiacha?"

Miaka baadaye nimepata bando nikaitafuta hiyo meli. Kumbe ilikuwepo kweli, Mary Celeste, ilikutwa Desemba 1872 kati ya visiwa vya Azores na Ureno inaelea yenyewe, watu kumi hawapo, akiwemo mke wa nahodha na katoto kao ka miaka miwili, mtumbwi wa kujiokolea nao haupo, ila mapipa ya spiriti 1,701 yapo humo humo. Chai haikuwepo. Waliongezea wasimuliaji baadaye, maana hata Conan Doyle, yule wa Sherlock Holmes, 1884 aliitungia hadithi, meli yenyewe akaiita Marie Celeste, na mpaka leo kuna watu wanaiita hivyo. Yaani ile chai ilikuwa chai kweli kweli.

Nikampigia kaka usiku ule ule nimwambie. Akanisikiliza weee, halafu akasema, "Kwa hiyo mia mbili yangu ndo imeenda hivyo?"