Kumbukumbu ya mradi: kumtambua nyoka wa udongoni kwa ngozi aliyoivua

Nyoka mpya alikuja na karatasi iliyoandikwa Cylindrophis ruffus. Huyo ni nyoka wa Asia ya Kusini-Mashariki ambaye akitishwa huficha kichwa chini ya mwili, kisha huinua mkia alioubapaza ili wekundu wa upande wa chini uonekane. Huyu wangu hakuinua kitu. Alitikisa ncha ya mkia kwa kasi, akatoa harufu kali, akazama udongoni.

Jina la kwenye karatasi sikulikubali, na mkono sikuuingiza. Nyoka wanaochimba hufanana mno hata kama si wa ukoo mmoja: kichwa kisichoachana na shingo, macho madogo, mkia mfupi, magamba laini yanayong'aa. Miongoni mwa wanaofanana hivyo wamo Atractaspis wa Afrika na Mashariki ya Kati, ambao wana sumu na wanaweza kuchomoa jino moja pembeni mwa mdomo bila hata kuufungua. Ndiyo maana kumshika Atractaspis nyuma ya kichwa si salama hata kidogo, kwa kuwa jino hilo humfikia anayemshika. Nyoka mweusi wa udongoni ambaye hajatambuliwa anastahili kuhamishwa kwa fimbo ya ndoano na kuangaliwa akiwa ndani ya mrija wa plastiki unaopitisha mwanga, basi.

Nikamwacha mpaka alipojivua gamba, na hapo ndipo kazi ilipoanza kunoga. Ngozi iliyovuliwa ni hazina kwa anayetaka kutambua nyoka bila kumsumbua. Niliilowesha katika maji ya uvuguvugu, nikaifungua taratibu kwa brashi laini, nikaitandaza juu ya kioo na kuweka taa chini yake. Urefu wake haufai kuandikwa kama urefu wa nyoka, maana ngozi huvutika sana inapotoka. Idadi ya magamba ndiyo haibadiliki. Katikati ya mwili nilihesabu kwa mshazari, kutoka ukingo mmoja wa magamba ya tumbo kuzunguka mgongo hadi ukingo wa pili, bila kuyahesabu ya tumbo yenyewe. Nikapata mistari 15 ya magamba. Cylindrophis ruffus huwa na 19 au 21.

Tumbo lilisema vilevile. Kwa Cylindrophis magamba ya tumbo ni membamba, hayapishani sana kwa upana na yale ya mgongoni. Haya yalikuwa mapana waziwazi. Nikageukia kichwa: bamba kubwa katikati ya utosi, limezungukwa na mabamba mengine. Hapo shaka ikaniisha. Ni Xenopeltis, jenasi nyingine ya nyoka wachimbaji wa Asia, na kwa mambo mengine yote anaelekea kuwa spishi ya X. unicolor. Niliwaza pia Loxocemus bicolor, anayepatikana kuanzia Mexico hadi Costa Rica na ambaye naye hutoa rangi za upinde wa mvua mwilini, lakini mistari yake hupita 30.

Hizo rangi zinafaa kuelezwa. Ngozi yenyewe ni kahawia iliyokolea tu. Buluu, kijani na zambarau hutokana na umbile dogo mno la uso wa magamba linavyovunja mwanga, na weusi ulio chini yake huzifanya zionekane zaidi. Usiku, mwanga wa tochi ukimpitia ubavuni, kila gamba huwaka kwa zamu. Mimi sijaona nyoka mzuri kuliko huyu.

Jina sahihi limebadilisha matunzo. Cylindrophis hupenda mawindo marefu membamba kama mikunga na nyoka wengine, ilhali Xenopeltis hula vyura, mijusi, nyoka na panya wadogo. Kwa hiyo panya mfu aliyeyeyushwa barafu, akiachwa juu ya udongo taa zikiwa zimezimwa, anatosha, na nyoka wangu tayari ameshamla. Meno ya Xenopeltis yana bawaba, hulala nyuma yakigusana na magamba magumu ya mjusi.

Sanduku lina udongo wa kina cha sentimita 20: makumbi ya nazi yaliyosagwa, udongo usio na mbolea na majani makavu. Kipimo changu cha unyevu ni kukamata konzi ya udongo na kuibana. Ikishikana bila kudondosha maji, iko sawa. Joto nimeliweka juu, upande mmoja, na themostati, kifaa cha kudhibiti joto, inalishika kwenye nyuzi 28. Kupasha sanduku kwa chini sikubaliani nako kwa nyoka wa aina hii. Yeye akihisi joto huchimba kwenda chini kutafuta ubaridi, na ukimwashia moto huko chini umemfungia njia yake ya kukimbilia.

Kumshika simshiki. Xenopeltis wengi hukamatwa porini, wanafika wakiwa wamechoka na wamejaa minyoo, na kupapaswa kila mara huwadhoofisha. Uzito naupima pamoja na kisanduku anachojificha, kisha natoa uzito wa kisanduku.

Kinachofuata ni kinyesi. Cha kwanza nitakachokipata kibichi kitapelekwa kwa daktari wa mifugo kiangaliwe mayai ya minyoo kwa hadubini, na dawa itasubiri majibu hayo.