Panki, rokabili na besi la kwaya yetu

Wiki hii spika ya nyumbani kwetu Shangani haijapumzika. Nasikiliza albamu ya kwanza ya Altar Boys, iliyotoka Marekani mwaka 1984 ikiwa na jina la bendi yenyewe. Ni vijana watatu wa California: Mike Stand anaimba na kupiga gitaa, Ric Alba yuko kwenye besi, Jeff Crandall kwenye dramu. Wanamwimba Yesu kwa panki iliyochanganywa na rokabili. Mimi napiga besi kwenye kwaya ya vijana hapa Mtwara, na naamini muziki huu una la kutufundisha.

Panki ni ule muziki wa roki wa akina Ramones, bendi ya Marekani ambayo albamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1976: nyimbo fupi, kodi chache za gitaa, mwendo wa kukimbia, hakuna madoido. Rokabili, yaani rokenrol ya mwanzoni yenye ladha ya muziki wa kantri, ni ya zamani zaidi, na ndiyo inayonishika mimi. Julai 1954, kwenye studio ya Sam Phillips mjini Memphis, Elvis Presley alirekodi na wenzake wawili tu, Scotty Moore kwenye gitaa na Bill Black kwenye besi. Mpiga dramu hakuwepo! Black alikuwa na lile besi kubwa la kusimama. Alizivuta nyuzi na kuziachia zigonge ubao, pa, pa, pa, na mlio huo ukabeba kazi ya dramu. Phillips naye aliipitisha sauti kwenye mashine ya pili ya tepu ili irudi ikiwa imechelewa kidogo, na mwangwi ule mfupi ukawa alama ya rokabili. Kila mpiga besi angepaswa kuzisikia rekodi hizo kabla hajagusa kitu kingine.

Kwenye kwaya zetu tunaanza taratibu, beti zinapita, kisha ndipo sebene linafunguka na akina mama wanatoka na vitambaa. Altar Boys wao ni kama wameanzia kwenye sebene. Besi halichezi pembeni, linasukuma moja kwa moja. Sauti ya Stand ni mbichi, na mashairi ni ya wazi kabisa, hayajifichi nyuma ya mafumbo. Wapo watakaoona yamerahisishwa mno. Mimi nayapenda hivyo hivyo, kwa sababu kijana wa miaka kumi na sita anayasikia na kuyaelewa papo hapo.

Mzee mmoja wa kanisa alipita wakati nasikiliza, akaniuliza, “Mwanangu, hizi si kelele za baa?” Nikamjibu, “Shikamoo baba. Hapana, chimbuko lake ni kanisani.” Na ndivyo ilivyo. Sister Rosetta Tharpe alilelewa katika kanisa la Kipentekoste, mama yake akiwa mwinjilisti, na mwaka 1944 alirekodi wimbo wa injili kwa gitaa la umeme ambao wengi wanauhesabu miongoni mwa mwanzo wa rokenrol. Elvis mwenyewe alikulia Assemblies of God. Vijana wa California walikirudisha nyumbani kilichotoka nyumbani.

Tena sisi watu wa kusini tuna historia yetu katika jambo hili la kuingiza kanisani yale yanayotiliwa shaka. Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi kuanzia mwaka 1926, hakuipiga marufuku jando. Alitengeneza jando ya Kikristo, vijana wakaendelea kutiwa jandoni chini ya uangalizi wa Kanisa. Watu wamebishana sana kuhusu uamuzi ule, lakini mtu aliyeikubali jando asingeogopa gitaa linalokimbia.

Kwenye mazoezi tumejaribu pambio moja kwa mwendo wa Altar Boys. Tulipozidisha kasi, maneno yalipotea, maana Kiswahili chetu kina silabi nyingi na kila moja inataka nafasi yake. Tukashusha kidogo, dramu ikabaki na mapigo manyoofu, nami nikaacha kurembesha. Maneno yakasikika! Sauti ya tatu, ambao huwa wanasinzia, walisimama wenyewe. Kwa wapiga vyombo wa Lindi, Masasi na Newala mnaotaka kujaribu: anzeni na besi na dramu peke yake mpaka vishikane, gitaa liingie baadaye, na kinanda kipumzike kabisa kwenye wimbo huo.