TV ya projekta ilikuwa inatoa sauti tu, kumbe ni taa

Wakuu, hili liTV langu la inchi 50, lile lenye projekta ndani, mwezi uliopita liligoma kuonyesha picha. Sauti ipo, feni inazunguka, ila skrini nyeusi tii, halafu kitaa chekundu mbele kinaanza kukonyeza. Fundi mmoja huku Tabata akasema bodi imekufa, niuze skrepa. Nikasema ngoja kwanza.

Nikalichomoa kwenye soketi, nikaliacha saa nzima lipoe maana ile taa ya ndani inayomulika picha kwenye skrini ina moto sio wa kawaida na ndani ina zebaki, ikipasuka ni balaa. Nyuma kuna kifuniko, unafungua skrubu, unavuta taa na fremu yake kama droo. Kioo kimevimba kama lengelenge! Nikaibeba hivyohivyo hadi Kariakoo, wakanicheka, ikabidi niagize nje kwa namba iliyoandikwa kwenye fremu, ikachukua wiki tatu.

Kuipachika dakika kumi tu, ila kioo usishike kwa vidole, mafuta ya mkono yanakiharibu kikipata moto, mi nilitumia kitambaa safi. Nikawasha... hamna kitu. Nusu nilie. Kumbe nyuma ya kile kifuniko kuna kiswichi cha usalama, kisipobana vizuri taa haiwaki. Nikakaza skrubu, picha hiyoo! Nikaingia kwenye menyu nikarudisha hesabu ya masaa ambayo taa imetumika kuwa 0.

Nahisi umeme wa kukatikakatika ndo uliimaliza ya zamani, feni inasimama ghafla taa bado ya moto. Siku hizi nazima kwa rimoti, nasubiri feni itulie ndo nachomoa.