Kutoka i3-2100 kwenda i5-2400
Jamani, nimefurahi! Leo nimetoa prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel Core i3-2100 kwenye kompyuta yangu ya mezani nikaweka i5-2400 ya mtumba. Zote za 2011, zote kasi ya GHz 3.1, soketi (tundu la kuchomekea prosesa) ileile LGA1155. Nimefungua feni, nikafuta pesti ya kupitisha joto iliyokauka kama chokaa, nikapaka mpya, basi.

Tofauti iko kwenye viini, yaani sehemu za prosesa zinazofanya kazi kwa pamoja: i3 ina viwili, i5 vinne, tena kasi yake inapanda hadi GHz 3.4. Video ya harusi ya dada iliyokuwa ikichukua saa tatu kutoka baada ya kuihariri, leo imetoka kwa mbili.

Kama kazi yako ni kuandika na kuperuzi tu, baki na i3. Hela hiyo nunua SSD (diski ya kasi ya kuhifadhia), utaniombea dua.