Utepe mwekundu kwenye usukani: Coram imenijibu

Imekubali jamani. Miezi saba nimekuwa naandika humu "nipo karibu, nipo karibu", safari hii, kwenye kona inayoitwa Coram, imekubali kweli na grafu ninayo hapa kwenye laptopu, nimeikodolea mpaka macho yanawasha. Swali ni lile lile moja nililoanza nalo: nikiwa treki (uwanja wa mbio za magari), katikati ya kona, nimebakiza kiasi gani kabla tairi hazijaachia? Nataka namba, habari ya "nahisi kama" nimeichoka.

Gari ni ile ile, Mazda MX-5 NB (toleo la pili) ya 1.8, tairi 195/50 rimu 15 za barabarani, na haina kompyuta ya kuzuia kuteleza kwa hiyo chochote kinachotokea pale ni mimi na tairi zangu basi. Treki ni Snetterton, Norfolk, ile ndefu ya 300 ya karibu kilomita 4.8. Muda wa lapu (mzunguko mmoja wa treki) siutumii, mnajua wenyewe waandaaji wa trekidei, yaani siku za kuendesha gari lako treki, hapa Uingereza wengi hawataki mtu apime muda kwa sababu ya mambo ya bima, kwa hiyo saa nimeizima nabaki na spidi na g tu (g ni nguvu ya kona ikilinganishwa na uzito wa gari). Na hata ungeruhusiwa, muda wa lapu unakwambia umechelewa, haukwambii ni tairi zimefika mwisho au ni wewe umeogopa.

Kilichoniingiza kwenye haya yote ni mwalimu. Nilimchukua kwa dakika ishirini asubuhi moja, tukazunguka, akashuka akasema upo asilimia themanini, labda themanini na tano. Nikamwonyesha simu, kilele 1.02 g, nikamwambia tairi za barabarani kwenye gari hii zitatoa nini zaidi ya hapo? Akasema simu yako haijui kitu, angalia mikono yako, unakata usukani mara moja halafu mikono inalala mpaka kona inaisha. Niliumia sana ile siku. Nimeendesha kilomita mia mbili kurudi nyumbani nabishana naye kichwani.

Sasa kuhusu hiyo simu, maana hapa nilipoteza miezi miwili mizima na sitaki mwingine apotelee hapo. Kipimo cha ndani ya simu kinapima mvutano wowote kinaouona, pamoja na ule wa ardhi. Gari ikilala kwenye kona, simu nayo inalala, na kipande cha uzito wa dunia kinaingia kwenye hesabu ya upande kama vile ni mshiko wa tairi. Nilijua hilo kwa nadharia lakini sikuwahi kuamini kwamba ni kubwa hivyo, mpaka Jumamosi moja nikaweka gari pale nje kwa nyumba, nikapiga jeki upande mmoja, nikainua kama sentimita tisa hivi, digrii tatu na nusu. Gari imezimwa, gia ya kwanza, jiwe nyuma ya tairi, haiendi popote. Simu ikasoma 0.06 g upande wa kulia. Nilikaa kwenye kiti cha dereva gari imeinama naitazama ile 0.06, gari imesimama kabisa na simu inanipa sifa ya kukata kona! Ongeza mtetemeko wa kishikio cha simu (vile vya kubandika kwenye kioo ni takataka, vinacheza, tupeni), ongeza matuta ya lami, unapata 1.02 ya bure.

Nikanunua RaceBox Mini, inasoma jipiesi mara 25 kwa sekunde. Hela imeniuma lakini sijajuta hata siku moja. G ikitokana na spidi na mstari gari ilikopita, gari ilale isilale haijali. Na Snetterton ilikuwa uwanja wa ndege wa vita, pako bapa kama sahani, kwa hiyo mlima na bonde havikuchafulii hesabu. Ile 1.02 yangu ikashuka mpaka 0.82. Zero pointi themanini na mbili! Mwalimu alikuwa sahihi na mimi nilikuwa nabishana na mtu aliyekaa kiti cha pembeni bila kifaa chochote.

Lakini hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi. 0.82 ya ngapi? Kiasi, namba ya juu ya sehemu, ninacho; asili, ile ya chini, sina. Ukienda kutafuta tairi hizi zinatoa g ngapi, kila mtu ana namba yake, gari yake, lami yake, siku yake ya joto. Nikajaribu kusikiliza tairi, watu wanasema zikilia umefika. Si kweli, au tuseme si kweli kwa tairi zangu, hizi siku ya jua zinaanza kulia mapema sana bado zina mengi ya kutoa, siku ya baridi zinakaa kimya halafu pua inakwenda moja kwa moja bila taarifa. Wiki nne nimerekodi sauti, nimechora mpaka grafu za mlio, hakuna kitu, nimefuta folda nzima kwa hasira.

Kilichonitoa ni ile kauli ya mikono. Nikafikiria hivi: tairi ya mbele ikiwa bado na akiba, ukiongeza usukani g inapanda. Ikifika mwisho, unaongeza usukani na g haipandi tena. Kwa hiyo nisitafute g peke yake, nitafute g na usukani pamoja, na pale mstari unapopinda ndio mwisho wa tairi ZANGU, kwenye lami ILE, siku ILE. Asili hiyo hapo, naipima mwenyewe.

Shida NB haina sensa ya usukani. Basi, utepe mwekundu wa fundi umeme juu kabisa ya usukani, pale saa sita, kamera nyuma ya kiti cha abiria inatazama mikono, fremu 60. Na kona ni Coram. Wanaoijua wanajua: kulia, ndefu mno, unaingia ukitoka kona ya Bomb Hole halafu unakaa ndani yake na kukaa na kukaa kabla ya kufunga breki kwa ajili ya kona ya Murrays. Kona nyingine zinaisha kabla gari haijatulia, Coram inakupa sekunde za kutosha ukishika spidi moja, mstari mmoja, usukani mmoja. Lapu kumi na nne, kila mbili naongeza kidogo, upepo wa tairi nimeucheki kila nikiingia, zikiwa za moto niliziweka psi 30 pande zote.

Kusoma video ndio ilikuwa kazi. Nimechapisha duara la digrii kwenye karatasi ya plastiki, nimelibandika kwenye skrini, shemeji yangu anasogeza fremu anasoma, mimi naandika kwenye Excel. "Shem, thelathini na nne." "Andika." "Thelathini na tano. Hapa umetikisika, ruka." Usiku tatu mfululizo. Dada alitufungia mlango wa sebuleni akaenda kulala, na shem hana hata habari na magari, ni upendo tu, Mungu ambariki.

Haya, namba. 0.70 g, usukani digrii 30. 0.82 g, digrii 36. 0.90, digrii 41. Mpaka hapo mstari umenyooka safi unaweza kuweka rula. Halafu digrii 52, g ni 0.93. Yaani nimeongeza digrii kumi na moja nzima nimepata 0.03! Pale mstari unalala kama umechoka. Kilele nilichokiona ni 0.94. Kwa hiyo ile 0.82 niliyokuwa naishi nayo ni asilimia 87 ya mshiko, na kwa kuwa spidi ya kona inafuata kipeuo cha pili cha g, ni asilimia 93 ya spidi. Kwa kilomita ni kama 125 kwa saa pale ambapo gari iliweza 134. Kilomita tisa! Nimeziacha pale Coram kila lapu, kila trekidei, nikiamini nipo ukingoni.

Na kitu ambacho sikutegemea, mikono inajua. Lapu za mwisho, pale kwenye digrii hamsini, usukani ulikuwa mwepesi. Siwezi kuelezea vizuri ila hivi: unateremsha ndoo kisimani, uzito wote upo kwenye kamba, halafu ndoo inagusa maji na kamba inalegea mkononi. Ndivyo. Nikaangalia tena video za zamani nikakuta ile hali nimewahi kuifikia mara mbili tatu huko nyuma na kila mara niliachia mafuta haraka, nilidhani ni tuta. Sasa naitafuta kwa makusudi, naigusa, narudisha digrii mbili tatu, naigusa tena, na mikono hailali. Nisieleweke vibaya, siendi hivi kila kona. Coram unaona mbali na pua ikisukuma nje unapunguza mafuta inarudi. Kona ya Riches nabakiza, naingia nikiwa na spidi kubwa mno kuanza kujaribu mambo, na gari hii ndiyo inayonipeleka kazini Jumatatu.

Pale isipokubali: Agostini, imegoma kabisa. Kona ya kugeuka nyuma, fupi, breki na usukani vinaingiliana, na ukiwa bado umekanyaga breki sehemu ya mshiko inaliwa na breki kwa hiyo g ya upande peke yake inakudanganya. Nikijumlisha g ya breki na g ya upande (kipeuo cha jumla ya miraba yake) naona shimo, kuna karibu nusu sekunde kati ya kuachia breki na gari kukata ambapo tairi hazifanyi kazi ya maana, 0.5 g tu. Hilo shimo linaniuma kuliko hata Coram. Lakini siwezi kulipima vizuri, kamera na jipiesi havikubaliani wakati, moja inachelewa kidogo, Coram haikuleta shida kwa kuwa kila kitu kimetulia ila Agostini kuchelewa kidogo ndio kila kitu. Na treki ya Brands Hatch hata sijathubutu, kwenye kona yake ya Paddock Hill unaanguka kama umetupwa shimoni, uzito juu ya tairi unabadilika kila mita, asili yenyewe inahama.

Mpango ulikuwa mwezi huu nibadilishe pedi za breki za mbele, nipeleke gari kupimwa alaimenti (mkao wa magurudumu), halafu nirudie Coram na kemba ya mbele, yaani mwinamo wa tairi, iliyowekwa sawa. Pedi zipo kwenye boksi bado. Kilichotokea ni kwamba juzi nimelala nikafikiria, kwa nini nisome digrii kwa macho? Potenshomita (sensa ya mzunguko) ya mizunguko kumi, ESP32 (kompyuta ndogo ya kusoma sensa), mkanda wa meno kuzunguka shafti ya usukani chini ya dashibodi, inasoma mara mia kwa sekunde na saa inaichukua kwenye jipiesi ile ile. Agostini ingefunguka. Jana nimelala chini ya dashibodi masaa manne na tochi mdomoni, puli ya kwanza niliyochapisha imepasuka nikiikaza, ya pili inakaa lakini mkanda unaruka jino usukani ukifika kama digrii mia moja na ishirini, na ukiruka jino moja namba zote baada ya hapo ni uongo. Nimeagiza mkanda mpana zaidi, milimita tisa. Kama kuna aliyefunga kitu kama hiki kwenye NB aniambie alipitishia wapi, maana upande wa klachi nafasi hakuna kabisa na mguu siwezi kuubana.