Msinieleze kwa nini Mungu kapanga hivi

Asalaam alaykum ndugu zangu, hasa nyinyi mlioko Maskati, Dubai na Toronto mnaohesabu miezi ya kurudi. Mimi nimesharudi. Niko Pemba, kaskazini, kwetu Micheweni. Nilijiandaa kushtushwa na mengi: mabanda ya makuti yamegeuka nyumba za matofali na bati, watoto niliowaacha wakibebwa mgongoni wameoa, na hata muuza pweza analipwa kwa simu. Hayo niliyazoea upesi. Yapo mabonde ya mpunga niliyoyalima utotoni ambayo maji ya chumvi yameyaingia na sasa hayatoi kitu. Hilo liliniuma zaidi, lakini nalo nililimeza. Kilichonitikisa ni maneno ya watu.

Mpango wangu wengi wenu mliujua, kwa sababu niliusema kila tulipokutana. Nirudi na mtaji, nifungue duka la vifaa vya ujenzi Konde, nimalizie nyumba, nimpeleke mama Hijja. Kampuni niliyoitumikia kule Maskati ilifunga milango wakati wa korona, na mishahara ya mwisho pamoja na kiinua mgongo sikulipwa hadi leo. Akiba ikamalizikia kwenye matibabu ya mke wangu, ambaye Alhamdulillah amepona. Mama akatangulia mbele ya haki kabla ya kuiona Makka. Nimekuja na familia yangu na mabegi ya nguo, basi.

Anayerudi hivyo huku kwetu hapewi pole peke yake. Anapewa na sababu.

Ami yangu, mzee ninayemheshimu mno, alinikalisha barazani baada ya Isha akaniambia: "Mwanangu, Mungu kakuepusha na kubwa. Ungekuja na mapesa yale ungeharibika." Ijumaa iliyofuata, mtu tuliyesoma naye chuoni alinishika mkono mlangoni mwa msikiti akanishauri nijitazame, pengine nilikula haki ya mtu huko. Jirani yetu, mama wa watu mwenye roho nzuri, alimwita mke wangu pembeni: "Hii si bure. Hii ni husda. Yupo mtu Wingwi anatazamia, mpelekeni." Siku ile ile akaja mwengine na kusema mama hakwenda Hijja kwa kuwa Mungu alimpenda akamtaka mapema.

Wote hao wana nia ya kheri, na sitaki mtu adhani nawavunjia heshima. Lakini nimelala usiku mwingi nikiyageuza maneno yao, na nimefika mahali nataka kusema: hakuna hata mmoja kati yao aliyeambiwa kitu. Wanamsemea Mungu.

Isomeni tena Surat al-Kahf, sura tunayoisoma kila Ijumaa. Nabii Musa, aliyesemezwa na Mola wake, alifuatana na mja mwema tunayemjua kwa jina la Khidhri. Wakapanda chombo, Khidhri akakitoboa. Musa hakuweza kunyamaza, akalalamika. Mwisho wa safari ndipo akaambiwa: chombo kile kilikuwa cha maskini wanaofanya kazi baharini, na mbele yao palikuwa na mfalme anayepora kila chombo kizima, basi chenye tundu angekiacha. Tunaisimulia hadithi hii kumfariji aliyepatwa, kwamba tundu lako lina siri yake, na mimi naamini hivyo kwa moyo wote. Ila tazameni nani alijua siri. Musa hakuijua mpaka alipoelezwa, na Khidhri akasema hakufanya yale kwa amri yake mwenyewe. Ikiwa Nabii mkubwa vile alisimama mbele ya tundu asijue lina maana gani, ami yangu kajulishwa na nani pale barazani?

Na ninyi mliokuwepo Septemba 2011 mnajua ninazungumzia nini. Meli ya Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi, usiku wa kuamkia tarehe 10, ikija huku Pemba, mamia ya watu walikufa. Mimi nilikuwa ng'ambo, nikipiga simu isiyopokewa. Binamu yangu alikuwemo, na hakurudi. Jirani yake alichelewa bandarini akaachwa na meli, na kwa miaka yote hii amekuwa akisema, "Mungu alinipenda." Sasa nimerudi, nimemsikia kwa masikio yangu akiyasema hayo sebuleni kwa mjane wa binamu yangu. Yule mama aliinamisha kichwa, akaendelea kumenya mihogo. Nilitaka kuondoka. Aliyeachwa na meli ana haki ya kushukuru, tena ashukuru asubuhi na jioni. Lakini kama kuachwa na meli ni kupendwa, waliopanda wakoje? Walikuwemo watoto wachanga mle. Walikuwemo watu waliotoka kununua nguo za harusi. Mtume (SAW) katufundisha kwamba anayekufa kwa kuzama ana daraja ya shahidi. Hilo tumeambiwa, tunalishika. Nani alipendwa zaidi ya nani hatukuambiwa.

Wazee wetu nao walisema hayo hayo kuhusu upepo. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuiacha sehemu kubwa ya Pemba, na tangu hapo kisiwa chetu ndicho kikaongoza kwa karafuu. Nimekua nikisikia kwamba ile ilikuwa neema yetu. Muulizeni aliyefilisika Unguja. Waulizeni na watumwa walioendelea kuletwa huku kwa magendo hata baada ya biashara hiyo kupigwa marufuku baharini mwaka 1873, kwa kuwa mikarafuu ya Pemba ilitaka mikono. Upepo mmoja, na kila mtu ana hesabu yake.

Basi kumtegemea Mungu ni nini, kama si kuyajua makusudio yake? Jibu nililonalo sikulipata msikitini wala barazani. Nililipata pwani.

Dada yangu mkubwa analima mwani tangu ujana wake. Kilimo hiki kilianza Zanzibar kibiashara mwaka 1989, na yeye aliingia si muda mrefu baadaye. Alianza na kotonii, aina ya mwani ambayo ndiyo yenye bei. Maji yakazidi joto, kotonii ikawa inakufa, akahamia spinosamu, aina nyengine ambayo bei yake ni ndogo. Wapo wenzake walioifuata kotonii kwenye maji ya kina, na wengi wao hawajui kuogelea. Ukiuvuna unauanika, na mvua ikiupiga kabla haujakauka unapauka na mnunuzi anaukataa. Kisha unasafirishwa ng'ambo, unatumika hata kwenye dawa ya meno na aiskrimu, na yeye anabaki na alichopewa kwa kilo.

Bamvua ya mwezi mwandamo nilimfuata. Maji yalikuwa yamekupwa, tukatembea mpaka kwenye kamba zake zilizovutwa baina ya vigingi. Kusi lilikuwa limevuma siku mbili. Kamba nyingi zilikuwa tupu, zimebaki taitai, vile vikamba vya kufungia mbegu, zinaelea, na mwani uliosalia ulikuwa na weupe kwenye matawi, ule ugonjwa wanaouogopa. Ilikuwa imebaki wiki moja avune. Alishika tawi jeupe akalivunja, akalitupa mbali na kamba. Akashika jengine. Alipopata kipande kizima alikikata, akakiweka kwenye kiroba, na kiroba kilipofika nusu akaanza kufunga upya, taitai kwa taitai, vidole vimechanika kwa chumvi na kamba. Hakuwa na furaha. Nataka mlijue hilo. Alikuwa amekunja uso na macho yake yalikuwa mekundu, na sidhani kama ni maji ya bahari tu.

Nikamuuliza, "Dada, kwa nini unadhani imekuwa hivi?"

Akasema, "Sijui, mdogo wangu. Mungu ndiye ajuaye. Nipe mbegu hiyo."

Tukafunga mpaka maji yalipotufika kiunoni.

Mtu mmoja alimuuliza Mtume (SAW): nimfunge ngamia wangu kisha nitawakali, yaani nimtegemee Mungu, au nimwache huru nitawakali? Akaambiwa amfunge, kisha atawakali. Kaipokea Tirmidhi. Hadithi hii nimeisikia tangu nikiwa mdogo, na kila mara ilisomwa kuwakemea wavivu. Mimi sasa naisoma kwa ajili ya mtu ambaye alimfunga, na ngamia akapotea vilevile. Huyo naye anaambiwa afunge tena. Hapewi maelezo ya kamba ilikatikaje.

Na wala haambiwi asilie. Nabii Yaqub alisema "subira njema" siku aliyoletewa kanzu ya mwanawe Yusuf yenye damu ya uongo, na Qur'ani ile ile inatueleza kwamba macho yake yaligeuka meupe kwa huzuni. Alisema anamshitakia Mungu huzuni yake. Yaani malalamiko yake aliyapeleka kwa Mungu mwenyewe, na hakuna aliyemwambia imani yake imepungua. Mimi nimemlilia mama yangu hapa nyumbani kwake, kwenye kitanda chake cha kamba, na aliyeniambia ninyamaze kwa kuwa ni mapenzi ya Mungu sikumjibu.

Kwa hiyo nyinyi mnaojiandaa kurudi, nawaambia niliyoyaona. Msitangaze mpango wenu mzima kwenye makundi ya simu kama nilivyoutangaza mimi. Siku ukivunjika, kila aliyeusikia atakuja na tafsiri. Mkifika, wiki za mwanzo kaeni na wanaofanya kazi, shambani, pwani, popote, na barazani nendeni baadaye. Atakayewaelekeza kwa mganga mwambieni ahsante, na msiende, kwa sababu atakayewatajia jina la hasidi atawauzia ugomvi na ndugu yenu wa damu. Nimeona nyumba mbili hapa kijijini hazizikani kwa jambo hilo. Na mswali istikhara, swala ya kumuomba Mungu akuchagulie lenye kheri, ila msikilize mnachoomba. Mnasema: Wewe unajua nami sijui. Kisha mwishoni mnaomba: nipangie kheri popote ilipo, halafu niridhishe nayo. Kuridhika kunaombwa. Kungekuwa kunakuja kwenyewe, tusingefundishwa kukuomba. Mimi bado naomba, na kuna siku nalala sijakupata.

Kuhusu mishahara yangu, wengi mnaniuliza, na ami kanishauri niiache kwa kuwa ni kadari. Sikuiacha. Karatasi zangu zote ziko kwa mwanasheria kule Maskati, mkataba, hati za mshahara na barua ya mwisho, na wenzangu tuliofanya kazi pamoja tumekubaliana kudai kwa jina moja. Sayyidna Umar alipogeuza msafara asiingie Sham penye tauni, aliulizwa kama anaikimbia kadari ya Mungu. Akajibu kwamba anatoka kwenye kadari ya Mungu kwenda kwenye kadari ya Mungu. Nami nadai kwenye kadari hiyo hiyo. Nikilipwa nitasema Alhamdulillah. Nikinyimwa nitasema Alhamdulillah, na nitabaki nawadai mpaka tukutane mbele Yake. Kama yupo kati yenu aliyefanya kazi kwenye kampuni ile na bado ana hati zake, anitafute, tunamuongeza kwenye orodha.