Wa tano ni mbwa

Jumamosi tulikuwa Ngamiani, Tanga, ndugu wote watano, mimi nikiwa wa mwisho. Leo Alhamisi, saa sita usiku, bado nahangaika na swali moja la Kaka Mkubwa lenye maneno matatu.

Nyumba ya Mzee, baba yetu, imeuzwa, kila mtu kapata haki yake, na Dada wa pili kaikubali posa ya yule baba wa Korogwe. Hayo nitayaandika nikipata nguvu. Sasa hivi nataka kuandika kuhusu mbwa.

Lilikuwa limebaki kabati la sebuleni, lile la santuri za Mzee. Santuri thelathini na kitu, nyingi alirudi nazo mwaka 1978 kutoka Derby, alikopelekwa na reli kusomea injini za dizeli. Aliondoka akiwa mtumishi wa Reli ya Afrika Mashariki, akarudi Jumuiya imeshavunjika na reli ni ya Tanzania peke yake. Masanduku mawili: moja nguo, moja bendi za Kizungu, akina Beatles, Queen, Pink Floyd na Fleetwood Mac. Mama, Mungu amrehemu, hadi mwisho alisema lile la pili lingetosha cherehani.

Kaka akachomoa Meddle. Pink Floyd, 1971, jalada lile la sikio ndani ya maji ambalo mimi mpaka darasa la tano nilidhani ni pua ya kiboko. Akaanza kumsifia Shemeji albamu hiyo: upande wa pili wote ni wimbo mmoja, Echoes, dakika 23, siku hizi nani anathubutu? Shemeji, ambaye hajali santuri wala redio, akauliza kwa adabu tu kama albamu yenyewe haina kasoro. Ndipo Kaka akaitoa kwenye jalada, akaishika kwa viganja kama alivyofundishwa, akasoma kile kikaratasi cha katikati.

"Upande wa kwanza nyimbo tano. Nne safi. Wa tano ni mbwa."

"Naujua huo," nikasema.

Akaniangalia juu ya miwani. "Sisi tuko wangapi?"

Kimya kidogo. Halafu Wifi akacheka mpaka akaweka sinia la vikombe sakafuni. Dada wa pili akaziba mdomo kwa mtandio. Hata Shemeji, ambaye nilimtegemea, akatazama dari kwa namna ya mtu anayezuia kitu.

"Utani huo, mtoto," Kaka akasema. "Ila kweli, Mzee mbwa alikuwa anamruka. Hakuwahi kumsikiliza hata siku moja."

Na mimi, mwanamke mzima wa miaka thelathini na tisa, mtafsiri, mtu ninayekula kwa maneno, nikajibu: "Chai inapoa."

Chai inapoa!

Nimeirudia mara ngapi sijui. Kwenye basi kutoka Tanga, santuri zote mapajani (nimepewa mimi, "wewe ndiye una nafasi", na hilo nalo nimelimeza), pazia la dirisha nimelishika kwa mkono mzima ili jua lisizipinde, nilikuwa naisikia tu. Sisi tuko wangapi. Hakuniita mbwa. Angeniita ningejua la kufanya, kwetu hilo si neno la mchezo. Aliniachia mimi mwenyewe nihesabu.

Jibu lilikuja jana, Jumatano, naanika nguo. Kama sisi ni upande wa kwanza wa Meddle kwa mpangilio, basi yeye kifungua mimba ni One of These Days. Na huo wimbo una nini? Upepo. Unaanza na upepo mtupu, kisha magitaa ya besi yananguruma kwa hasira, na maneno ndani yake ni mstari mmoja tu, sauti ya mpiga ngoma Nick Mason imeharibiwa kwa mitambo, anatishia kumkatakata mtu vipande vidogo vidogo. Upepo na tishio moja. Huyo ni Kaka Mkubwa tangu nimjue! Dada wa pili ni A Pillow of Winds, pole, wa usingizi. Wa tatu ni Fearless, ule unaoishia na mashabiki wa Liverpool wanaimba uwanjani, na Kaka wa tatu mnamjua Jumamosi za ligi. Wa nne ni San Tropez, hana haraka na mtu, mikono mfukoni. Kila kitu kilikuwa pale, kwenye kile kikaratasi alichokishika mwenyewe. Nilichelewa siku nne.

Tuwe wakweli lakini. Seamus, huo wa tano, ni wimbo mbovu. Ni dakika mbili na kidogo za blues ya kuvutavuta, gitaa, kinanda, na mbwa analia juu yake. Mbwa halisi. Alikuwa wa Steve Marriott, yule wa bendi ya Small Faces, na David Gilmour, mpiga gitaa wa Pink Floyd, alikuwa anamtunza mbwa huyo wakati mwenyewe yuko safarini. Wakagundua kuwa akisikia muziki, anabweka na kuomboleza. Basi wakamwekea kipaza sauti. Ni jambo la kuchekesha mara moja, sebuleni kwa rafiki. Wao wakalipachika mwisho wa upande wa kwanza, mlangoni kabisa kwa Echoes. Na waliokuwapo walikuwa watu wazima wanne wenye akili zao.

Wiki nzima, badala ya kumaliza ile kazi ya mkataba wa bima, nimekuwa nafungua santuri za Mzee moja moja kutafuta mbwa wa kila moja, yaani wimbo wake mbovu. Gramafoni imeungua zamani, nasikilizia simuni, nafuata majalada tu. Na kila santuri ina wake.

Abbey Road ya Beatles, 1969, ina Maxwell's Silver Hammer. Albamu yenye Something, yenye Here Comes the Sun, halafu katikati yake Paul McCartney anaimba kwa furaha ya watoto wa chekechea kuhusu kijana anayeua watu kwa nyundo, na kiitikio kinapigiliwa kwenye fuawe ya mhunzi, ya kweli, waliyoileta studioni. Wenzake walichoshwa nao. John Lennon, aliyekuwa ametoka kwenye ajali ya gari, hakuupenda kabisa, na Ringo Starr baadaye alisema hakuwahi kuona siku za kurekodi mbaya kama zile. McCartney akaurudia na kuurudia. Alikuwa na hakika nao! Hapo ndipo ninapomhurumia, kwa sababu najua jinsi mtu anavyoweza kuwa na hakika. Niliacha kazi ya kudumu nikiwa na hakika hiyohiyo, mliokuwepo mnakumbuka.

A Night at the Opera ya Queen, 1975, Mzee aliipenda kwa sababu ya Freddie Mercury, "mtoto wa Unguja", alivyokuwa akimwita, kana kwamba walicheza gololi pamoja Mji Mkongwe. Humo mna Bohemian Rhapsody. Mna pia I'm in Love with My Car, mpiga ngoma Roger Taylor anaimba mapenzi yake kwa gari, kwa sauti ya mtu aliyebanwa kidole na mlango. Inasimuliwa alijifungia kabatini mpaka wenzake wakubali uwekwe upande wa nyuma wa santuri ndogo, ile ya wimbo mmoja kila upande, ya Bohemian Rhapsody. Wakakubali. Na kwa kuwa kila upande unalipwa sawa, kila santuri ya kito kile ikiuzwa, wa gari naye anapata kama wa kito. Nilipolisoma hilo nilicheka peke yangu jikoni. Wa tano na wa kwanza, fungu moja. Kwenye mirathi yetu haikuwa hivyo, ila tuyaache.

Anayeniuma ni wa Rumours ya Fleetwood Mac, 1977. Stevie Nicks, mwimbaji wao, alikuwa na wimbo, Silver Springs, wa kumsuta Lindsey Buckingham, mpiga gitaa wao, baada ya kuachana. Ni mzuri kuliko nusu ya zilizobaki. Ukakatwa. Ulikuwa mrefu, na santuri ina hesabu yake: ukijaza dakika nyingi upande mmoja mifereji inabanana, sauti inapungua nguvu. Wakamwita nje, kwenye maegesho ya magari, wakamwambia. Mahali pake ukawekwa I Don't Want to Know, wimbo wake mwingine wa zamani, mfupi, wa kutikisia kichwa ukiosha vyombo. Silver Springs ukatupwa nyuma ya santuri ndogo ya Go Your Own Way, yaani mgongoni mwa wimbo ambao Buckingham anamsuta yeye. Miaka ishirini ikapita, 1997, wakaupiga jukwaani, anamtazama usoni wakati anaimba. Miaka ishirini! Mimi siku nne naona nimechelewa.

Sasa hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, nikazunguka.

Kilichoniuma si hesabu ya watano. Ni lile la mwisho. Mzee alikuwa anamruka. Kwa sababu mimi namkumbuka Mzee akimsikiliza. Namkumbuka vizuri: kiti cha mkeka, Ijumaa baada ya msikiti, kanzu bado mwilini, mguu mmoja juu ya stuli. San Tropez inaisha, kitambo kidogo, mbwa anaanza, na Mzee hainuki. Mbwa akimaliza, sindano inabaki inagonga katikati, tik, tik, tik, Mzee bado kakaa, ndipo anaenda kugeuza. Nilikuwa nayo picha hiyo maisha yangu yote, na Kaka kaifuta mbele ya watu kwa sentensi moja, na yeye ni mkubwa kwangu kwa miaka kumi na minne, anakumbuka mengi kuliko mimi. Mpaka usiku wa kuamkia leo nilikuwa nimeanza kuamini nimeitunga.

Nikachukua tochi ya simu nikaimulika santuri kwa upande. Mnajua kati ya wimbo na wimbo kuna utepe mwembamba unaong'aa. Kati ya wa nne na wa tano, pale pale, kuna mikwaruzo mifupi, mingi, ya sindano iliyoinuliwa na mkono usiotulia. Kwa hiyo Kaka hakusema uongo. Nilikaa pale sakafuni nikaona basi, ndiyo hivyo.

Halafu nikamkumbuka Bibi.

Chumba cha Bibi kilipakana na sebule, na dirisha lake halikufungwa sawasawa. Hadithi hii si yangu, ni ya Dada wa pili, kaisimulia kila Iddi: Bibi ametia udhu wa alasiri, anatoka, anasikia mbwa analia ndani ya nyumba. "Laa haula! Nani kaingiza mbwa humu, na mimi nina udhu wangu?" Mzee anamwambia, "Mama, huyu mbwa yuko Uingereza." Na Bibi: "Basi abaki hukohuko!" Malaika hawaingii nyumba yenye mbwa, na kwa Bibi kulikuwa hakuna tofauti kama mbwa ana miguu au hana. Tangu siku hiyo Mzee akawa anainuka mapema.

Bibi alifariki nikiwa darasa la pili. Kaka alishaanza kazi Mwanza. Wa pili kaolewa ile mara ya kwanza, wa tatu na wa nne wako bweni. Nyumba nzima ilikuwa Mama jikoni, Mzee, na mimi sakafuni na kiboko changu. Hakukuwa na wa kuudhika tena. Kaka hakuwahi kuiona nyumba hiyo, na mimi ile yake sikuwahi kuiishi.

Nimemtumia Kaka ujumbe wa sauti saa nne usiku, dakika tatu na nusu, mrefu kuliko Seamus. Nimemweleza yote, mikwaruzo, Bibi, Ijumaa. La upepo na tishio nimeliacha. Alama mbili za buluu zikatokea. Baada ya muda akaandika: "Sikujua kama alikuwa anamwachia." Kisha, dakika kumi baadaye: "Alikuwa anacheka?"

Nimeshindwa kumjibu mpaka sasa, kwa sababu najaribu kukumbuka uso wa Mzee na ninachopata ni ule mguu juu ya stuli.

Ile kazi ya bima inatakiwa kesho mchana na nina kurasa kumi na moja. Na mwenye nyumba wangu hajajibu ujumbe tangu Jumapili, yeye ambaye huwa anajibu kabla sijaiweka simu chini. Jioni nimepita getini kwake, taa ya nje ilikuwa inawaka, na ilikuwa bado mchana.